Vijana, Tuache Kuwacheka Wamama Waliozaa

Leo siandiki juu ya kazi, wala juu ya ile vita yetu isiyoisha. Naandika juu ya mwili wa mama akishazaa. Najua tayari kuna mwenye anasema, huyu kijana hajaoa, hana mtoto, anatafuta nini kwa mambo ya wanawake? Swali lako ni zuri na nitalijibu, lakini soma kwanza.

Jambo lenyewe ni hivi. Mwanamke akizaa, watu wote wanaangalia mtoto. Mtoto ana kilo ngapi, anafanana na nani, amepewa jina gani. Yule aliyemzaa anabaki na mwili wenye umebadilika, na mabadiliko mengine ni madogo, hayaui mtu, lakini yana aibu kubwa. Akikohoa, mkojo kidogo unaponyoka. Akiinama, gesi inatoka mbele ya mama mkwe. Mtoto wa jirani analia, maziwa yake yeye yanaanza kutiririka na blauzi inalowa. Nywele zinabaki kwa kitana. Choo kinauma mpaka anaogopa kula. Tumbo linakaa kama la mimba ya miezi mitano, na watu wanamuuliza, "Eh, ingine tena?"

Hakuna mtu alimwambia kwamba haya yatakuja. Anafikiri ni yeye peke yake. Na sisi vijana, tukikaa pale chini ya mti na simu zetu, tunaona blauzi imelowa na tunacheka. Nasema wazi: kicheko chetu na ukimya wa wakubwa wetu vinamuumiza yule mama kuliko hata huo mkojo wenyewe.

Nimejuaje? Mimi ni volontia. Kazi yangu kwa kambi ilikuwa kubeba makatoni, kuandika majina na kutafsiri, na hiyo ya kutafsiri ndiyo ilinifungua macho. Munande wa Beni, Butembo au Kasindi akifika Bwera hana haja na mimi. Kinande na Lukonzo ni kama lugha moja yenye majina mawili, mto Lhubiriha ndio unatutenga, na muuguzi Mukonzo anamsikia bila shida. Lakini kuna mama wa Ituri, kuna wa Rutshuru, kuna Mushi wa upande wa Bukavu. Hao wanaongea Kiswahili. Muuguzi anaongea lugha yake na Kingereza, Kiswahili chake ni cha kununulia nyanya. Basi wananiita mimi nikae katikati.

Mama anakaa. Muuguzi anauliza, ana shida gani? Mimi ninauliza, "Mama, uko na shida gani?" Mama ananiangalia, kijana wa umri wa mdogo wake, anaangalia chini, anasema, "Ni kichwa tu." Anapewa dawa ya kichwa, anaenda. Wiki ya pili amerudi, ni kichwa tena. Wiki ya tatu alikuwepo bibi mmoja mzee mwenye alileta mjukuu wake kwa chanjo, naye ni mtu wa Ituri anayejua Kingereza kidogo cha biashara. Akaniambia, "Mwanangu, hebu toka nje kidogo." Nikatoka. Walikaa mule kama dakika kumi. Kumbe kichwa hakikuwa na neno. Tangu azae, miezi minne, kila akiinua jerikani mkojo unatoka, na alikuwa ameacha kwenda kanisani juu ya harufu. Huyo mama ndiye mwenyewe aliniruhusu niandike hivi, bila jina na bila mahali.

Toka siku ile nina msimamo: mama akija na mambo ya uzazi, mwenye kutafsiri awe mwanamke. Vijana wa kiume tuwe wa kwanza kusimama na kusema, ngoja niite mama fulani. Muuguzi anaweza kukasirika juu ya muda. Akasirike. Dawa ya kichwa mara tatu kwa mtu asiyeumwa kichwa imepoteza muda zaidi.

Kuna watu wanasema, haya mambo hayatamkwi kwetu, ni mila. Mimi ni mtu wa Kivu Kaskazini, nikumbushe kidogo. Agosti 2018 walitangaza Ebola kwetu, upande wa Mangina na Beni. Ilikaa mpaka Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 wakafa. Juni 2019 ilivuka ikafika hapa hapa Bwera, na mtoto wa miaka mitano. Miaka ile miwili tuliongea nini kwa redio? Matapishi. Kuhara. Damu. Jasho. Wanaume waliopona waliambiwa wapimishe manii yao, na wachungaji walisimama mbele ya kanisa, mama wakwe zao wakiwa kwa benchi ya mbele, wakayasema hayo maneno yote kwa Kinande na kwa Kiswahili. Sijasikia mtu aliyekufa kwa aibu. Basi mdomo tunao. Tulisema yale juu yalikuwa yanaua, na haya tunanyamaza juu hayaui, mama anaendelea kupika na kufua, kwa hiyo tunaona hakuna haraka.

Tuje kwa mkojo, juu ndio unaficha wamama wengi zaidi.

Chini ya tumbo, katikati ya mifupa ya nyonga, kuna misuli imetandikwa kama machela. Juu yake kunakaa kibofu, kizazi na mwisho wa utumbo. Miezi tisa hiyo machela inabeba uzito wa mimba. Siku ya kuzaa inavutika mpaka mwisho ili mtoto apite. Ikibaki imelegea, mama akikohoa, akipiga chafya, akicheka au akiinua kitu, tumbo linasukuma chini na mlango wa kibofu unashindwa kufunga vizuri. Ni hivyo tu. Si laana. Si kwamba "alitembea na wanaume wengi", kama nilivyosikia kijana mmoja akisema kwa foleni ya maji na wenzake wakamkubalia. Hata mwenye alizaa kwa operesheni anaweza kuipata, juu mimba yenyewe ni mzigo tosha. Na si ya Waafrika wala ya wakimbizi. Duniani inahesabiwa karibu mama mmoja kwa kila watatu anapitia hiyo shida baada ya kuzaa. Hata wale wa Ulaya wenye magari.

Tofauti yetu na wao ni jerikani. Jerikani ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 na zaidi. Mwangalie mama wa kwetu, Munande au Mukonzo, anavyobeba: mzigo mgongoni, kamba kwa paji la uso, anainama, anapanda kilima. Kuni hivyo hivyo, mihogo hivyo hivyo. Siku ya soko Mpondwe utawaona wamama wenye watoto wachanga kabisa, mtoto mbele, mzigo nyuma. Kila hatua ya kupanda kilima inasukuma ile machela chini kabla haijapona. Zamani, bibi zetu wanasema, aliyezaa alikuwa anafungiwa ndani, analishwa, anakandwa na maji ya moto, ndugu wanamchotea maji. Kwa ukimbizi ndugu wako wapi? Wengine wako Oicha, wengine wamekufa, wengine wako Kyaka. Wiki ya pili mama yuko kwa bomba.

Dawa ya kwanza ya hiyo shida haiuzwi. Mwaka 1948 daktari mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika juu ya mazoezi ya hiyo misuli, na mpaka leo ndiyo yanafundishwa duniani kote. Naeleza kama nilivyoelezwa na muuguzi, ili dada zetu wenye wanaona haya kuuliza wasome hapa. Kaa, au lala, au simama, haijalishi. Jifanye unazuia mkojo na gesi kwa wakati mmoja. Kaza, vuta kwa ndani na juu. Hesabu mpaka tano, achia, pumzika, rudia. Mara nane mpaka kumi. Asubuhi, mchana, jioni. Usikaze matako wala mapaja, na usizuie pumzi. Ukizoea, hesabu mpaka kumi. Usifanye hayo mazoezi ukiwa unakojoa kweli. Ile tabia ya kukata mkojo katikati kila siku inaweza kukifanya kibofu kisimalize vizuri. Ukijua kikohozi kinakuja, kaza kwanza, ndio ukohoe.

Wiki moja haitoshi. Inaomba miezi mitatu hivi ya kufanya kila siku, na hapo ndipo wengi wanaacha, juu hawaoni kitu wiki ya kwanza. Lakini haina gharama hata ya shilingi mia, na hakuna mtu anaweza kujua unafanya. Unaweza kuyafanya kwa foleni, kwa boda, hata mchungaji akiwa anahubiri.

Kitu kingine: wamama wanaacha kunywa maji ili wasikojoe. Wanadhani ni akili, kumbe wanajiumiza. Mkojo ukiwa mchache unakuwa mkali, unachoma kibofu na kibofu kinataka kutoka kila saa. Choo nacho kinakuwa kigumu, mama anakamua kwa nguvu, na kukamua huko kunasukuma tena ile misuli. Halafu ananyonyesha. Mama anayenyonyesha asikauke.

Hayo mengine nitayapita haraka. Nywele: zinaanza kutoka karibu mwezi wa tatu baada ya kuzaa. Wakati wa mimba nywele nyingi zilikataa kuanguka, sasa zinaanguka pamoja. Mara nyingi mtoto akifika mwaka mmoja nywele zimerudi. Nasema hivi juu hapa kwetu mwanamke akitoka nywele watu wanaanza kunong'ona habari za ukimwi, na nimeona ndoa moja karibu ivunjike kwa sababu ya kitana. Michirizi ya tumbo na mapaja: inafifia, haifutiki yote, na mafuta ya bei wanayouza kwa soko hayatafuta kilichobaki. Ule mstari mweusi wa kushuka tumboni unapotea wenyewe polepole. Jasho la usiku, mama anaamka amelowa, ni kawaida wiki za kwanza, mwili unatoa maji ya mimba. Lakini jasho likija na homa, huyo aende hospitali. Maziwa kuvuja ni mwili unasikia mtoto analia, hata kama si wa kwake. Kitambaa safi kimekunjwa ndani ya sidiria, basi. Bawasiri, au hemoroide kama tunavyosema Kongo: papai, maharage, sombe, maji ya kutosha, kukaa kwa beseni la maji ya vuguvugu, na asikamue. Ikitoa damu nyingi au isipopungua, aonyeshe muuguzi. Muuguzi ameona mengi, hatashangaa.

Kwa gesi sina la kuongeza. Wote tunatoa. Mwenye hajawahi atupe jiwe.

Kuna na damu ya uzazi. Inatoka wiki nne mpaka sita, inapungua na kubadilika rangi polepole. Kwa nini naitaja? Juu wakati wa kugawa pedi, wanahesabu wasichana wa shule na siku zao tano za mwezi. Yule aliyezaa jana anapewa pakiti moja sawa na wengine, au hapewi kabisa, eti yeye hana hedhi sasa. Anatumia vitambaa. Vitambaa si vibaya, vinataka tu sabuni na jua. Lakini nani ataanika vile vitambaa mbele ya hema, na sisi tunapita tukicheka? Anaanika chini ya godoro, vinakaa na unyevu, anapata muwasho na harufu, na tunaanza kusema yule mama ni mchafu. Mnaona kicheko kinavyofanya kazi? Na mabafu yenye mlango hauna komeo, sitayaongelea, nitaandika matusi.

Sasa hapa naomba muwe makini kabisa, juu kuna mkojo na mkojo.

Yule mama wa kukohoa na kucheka, mkojo wake unatoka mara moja moja, kidogo, na hapo katikati anabaki mkavu. Lakini kuna mwingine mwenye mkojo unatoka wakati wote. Amelala, unatoka. Amekaa, unatoka. Hasikii hata hamu ya kwenda choo. Mara nyingine na choo kikubwa kinapita mbele. Hiyo si machela kulegea. Hiyo ni fistula. Mara nyingi inakuja kwa mwenye alikaa na uchungu muda mrefu sana, siku nzima, siku mbili, mtoto amekwama, hakuna gari, barabara imefungwa na mapigano au mto umejaa. Kichwa cha mtoto kinabana nyama kwa mfupa mpaka ile nyama inakosa damu na inakufa, na siku chache baada ya kuzaa tundu linafunguka kati ya kibofu na njia ya uzazi. Wengi wao mtoto pia alikufa. Wasichana wadogo wako ndani ya hatari zaidi, juu nyonga haijakomaa. Sisi wa Kivu tunajua pia kwamba wengine wameipata kwa kubakwa. Hospitali ya Panzi kule Bukavu, ya Daktari Denis Mukwege, yule mwenye alipata Nobel ya amani 2018, imetibu wanawake wengi wa namna hiyo.

Mazoezi hayatafunga tundu. Anayeambiwa "vumilia, kaza misuli, itaisha" na yuko na fistula, anapotezewa maisha yake. Inatibiwa kwa operesheni, na mwenye anafika mapema kabisa, tundu likiwa dogo, mara nyingine mpira wa mkojo peke yake unatosha likajifunga. Haina haja kurudi Bukavu. Hapa hapa wilaya ya Kasese, hospitali ya Kagando, kule Kisinga, imekuwa ikifanya operesheni za fistula. Nendeni kwa helsi senta ya karibu, mwombe barua, muulize lini daktari wa fistula yuko. Na Umoja wa Mataifa umeweka tarehe 23 Mei kila mwaka kuwa siku ya fistula duniani. Ikikaribia, sikilizeni redio, juu mara nyingi ndio wakati matangazo ya matibabu yanatoka.

Mnaona sasa kwa nini aibu si kitu kidogo? Ukimya ni ule ule kwa wote wawili. Mwenye shida ndogo ananyamaza, mwenye fistula ananyamaza, na kwa kuwa wote wamenyamaza, hakuna anayejua nani ni nani. Tukifungua mdomo kwa ile ndogo, tutaikuta na ile kubwa.

Na nafasi ya kuuliza ipo tayari, haiombi mradi mpya. Uganda, mtoto anarudi kwa chanjo wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Wamama wetu wanazifuata hizo tarehe kuliko mtu yeyote, wanatembea na ile kadi imefungwa ndani ya plastiki, hata nyumba ikiungua kadi inatoka kwanza. Kwa hiyo mara tatu, ndani ya miezi mitatu na kidogo, yule mama yuko mbele ya mtu wa afya. Anapimwa mtoto, anachomwa mtoto, anaandikwa mtoto. Mama anaambiwa tarehe nyingine, kwaheri. Mimi nasema: swali moja tu liongezwe pale. "Na wewe, mama, mkojo wako, choo chako, tumbo lako, viko namna gani?" Aulizwe na mwanamke, pembeni, si kwa sauti ya foleni nzima. Wale wa VHT wenye wanapita nyumba kwa nyumba wanaweza kuliuliza pia. Wauguzi ni wachache, najua, na foleni ni ndefu, lakini swali ni sekunde ishirini.

Kuna mambo ya kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo, musisubiri wiki ya 6: damu nyingi inayojaza pedi haraka haraka, homa, uchafu wenye harufu mbaya, kichwa kikali na macho kuona ukungu, degedege, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana. Na mama anayelia kila siku zaidi ya wiki mbili, au anasema hamtaki mtoto, au anataka kufa, huyo pia ni mgonjwa, hajaingiwa na pepo.

Sasa nijibu. Rafiki yangu mmoja, baada ya kusoma rasimu ya haya, aliniandikia: "Watu wana njaa, watu wanauawa kwetu, wewe unaleta habari ya mkojo?" Nilimjibu hivi. Msichana mmoja alizaa akiwa na miaka kumi na saba, akarudi shuleni mtoto akiwa na miezi mitano, watu wote tukampongeza. Baada ya wiki tatu akaacha. Walimu walisema ni uvivu, wengine wakasema amepata bwana. Aliacha juu ya benchi. Alikaa saa tatu bila kuruhusiwa kutoka, aliposimama benchi ilikuwa imelowa, na darasa lilicheka. Darasa la vijana kama sisi. Unataka tuongee njaa? Yule msichana akikosa shule, njaa yake ni ya miaka thelathini. Mama mwenye hawezi kusimama kwa foleni ya kugawa posho saa nne bila kwenda choo, anamtuma mtoto wa miaka nane, na mtoto wa miaka nane anaibiwa.

Na wewe mwenye uliuliza kijana asiyeoa anatafuta nini: wengi wetu tutaoa. Mwanaume mwenye hajui haya mambo, siku bibi yake anageuka kwa kitanda na shuka imelowa, atafikiri nini? Nimesikia wababa wakisema, "Alirudi kutoka hospitali amekuwa mtu mwingine." Mmoja alianza kulala kwa rafiki yake. Kama angejua kwamba ni misuli, kwamba ni miezi michache, kwamba kitendo cha ndoa kinaweza kuuma wakati ananyonyesha juu mwili unakuwa mkavu, wala si kwamba hampendi tena, labda angebaki nyumbani na kuchota maji. Wazee wanaosema mwanaume asijue, nawaheshimu, lakini hapo siwafuati. Kujua si kuchungulia. Kuongea juu ya ugonjwa si kuongea juu ya mama fulani wa nyumba fulani. Hilo la pili ndilo umbea, na hilo tunalifanya kila siku bila mila kutuzuia.

Upande wa Bwera tumeanza kitu kidogo, tuko vijana watatu. Mama akizaa kwa eneo letu, na kama hana ndugu, tunamletea maji wiki sita za kwanza, jerikani mbili asubuhi na mbili jioni. Hatuingii ndani, tunaweka mlangoni. Watu walitucheka, walituita wake wenza. Sasa wameanza kuzoea. Wiki hii tuko na wamama watatu, ni jerikani kumi na mbili kwa siku, na bomba la karibu limekauka tangu Jumatatu, tunapanda mpaka lile la juu. Tunatafuta mwenye baiskeli ya kutuazima, hata isiyo na breki, tutatengeneza. Na kwa mkutano wa Jumamosi ijayo muuguzi mmoja wa kike amekubali kuja kufundisha yale mazoezi, saa nane, kwa wanawake peke yao. Sisi wa kiume tutakaa nje na watoto.